Ukuta Mtupu, Mlango wa Nakshi

Ukitoka Fort Jesus ukashika Ndia Kuu, jizuie kidogo usianze na milango. Tazama kuta kwanza. Nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa zina ukuta mkavu usio na kitu: jiwe na chokaa, basi. Hakuna maua ya saruji wala nguzo za kujionyesha. Ukuta unapanda ghorofa mbili tatu ukiwa vile vile, umefifia kwa mvua na chumvi ya bahari, na ungeweza kuupita bila kugeuza shingo. Kisha unafika mlangoni, na hapo unaona fundi kamwaga ujuzi wake wote. Kuanzia kizingiti cha juu hadi chini karibu na ardhi, mbao zimechongwa pasipo kuachwa nafasi ya kuweka kidole. Ukiinua macho unakuta roshani, nayo imetobolewa na kupambwa kila upande.

Aliyejenga nyumba hizi hakuwa bahili, wala hakuishiwa njiani. Alijua pa kutia mkono na pa kuuzuia. Nakshi aliiweka pale watu wanapokutana: mlangoni, mwenye nyumba anapompokea mgeni, roshanini, walio ndani wanapotazama walio njiani. Kwingine kote ukuta aliuachia kazi yake ya ukuta. Mgeni akiniomba nimwonyeshe kilicho kizuri mjini kwetu, hicho ndicho ninachotaka akione kabla ya kingine. Akishakielewa, mji mzima unamfungukia, kuanzia ngome ya Mreno hadi dirisha la ghorofa ya juu kule Kibokoni.

Tena ukuta huo mtupu una kazi nyingi kuliko unavyosema. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya maji, kwa hiyo fundi hakwenda mbali kutafuta jiwe. Alichimba palepale alipokanyaga. Jiwe la nchi kavu ni gumu, limejaa matundu, na ukilichunguza utaona humo vipande vya kombe na konokono wa baharini. Hilo ndilo la kuinulia ukuta. Pale palipohitaji umbo, kama kibla cha msikiti au ukingo wa kidaka cha ukutani, lilitafutwa tumbawe laini la baharini. Likitoka majini hukatika kwa urahisi na kuchongeka, kisha hukauka na kuwa gumu. Mtu aliyeshika patasi alijua muda wake: akichelewa, jiwe linamkatalia.

Chokaa nayo ilitoka katika mawe yayo hayo. Magogo yalipangwa mduara, tabaka juu ya tabaka, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa katikati. Magogo yakishakuwa majivu, mawe hubaki meupe na mepesi. Ukiyamwagia maji yanatokota, yanapasuka, yanavunjika yenyewe kuwa unga. Fundi mwenye haraka angeitumia hapo hapo. Fundi mzuri aliiacha chokaa ikae na maji kwa miezi, maana vipande ambavyo havijaiva huendelea kuchemka vikiwa ukutani, vikafumuka na kuacha vishimo kwenye uso uliokwisha kulainishwa. Nyumba ambayo uso wake ungali laini baada ya miaka mia na zaidi ilianza kwa mtu aliyekubali kungoja.

Hata kupiga lipu kulikuwa kwa subira. Chokaa ikitiwa nene kwa mkupuo mmoja hupasuka ikikauka. Kwa hiyo ilitiwa nyembamba, ikaachwa, ikatiwa tena, tabaka la mwisho likasuguliwa mpaka likang'aa. Chini ya tabaka hilo mna chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu, na ndiyo maana nyumba ikianza kubanduka huonyesha wekundu kama wa nyama. Ni kidonda, lakini kwa anayejua kutazama ni somo pia: unaona tabaka za kazi ambazo mwenye nyumba hakutaka kuonyesha mtu.

Ndani, aliyepima chumba ni boriti. Miti ya mikoko hutoka kwa unene mbalimbali, na wafanyabiashara wake wanaitaja kwa majina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo iliyobeba dari, na kwa kuwa haiwezi kuvuka nafasi pana bila kuinama, upana wa chumba ulikaa kwenye mita 2 na nusu hadi 3. Urefu unaweza kwenda utakavyo. Ukiingia nyumba ya kale ukaona vyumba vyembamba virefu vimepangana kimoja nyuma ya kingine, ujue ni mti wa mkoko uliochora ramani. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha watu hukaa na vipande vya miti wakaipiga sakafu kwa siku kadhaa, wakiimba ili mikono iende pamoja. Isipopigwa ya kutosha, mvua ya masika itawaambia.

Sasa njoo mlangoni.

Mlango wa Kiswahili una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, na katikati pana mfaa, ule mti wa wima unaofunika pengo mbao mbili zinapokutana. Pembeni kuna miimo, juu kizingiti. Wazee husema fremu ndiyo iliyosimamishwa kwanza, ukuta ukaja kuifuata, na hata kama si kila nyumba ilijengwa hivyo, ukitazama jinsi jiwe lilivyoibana mbao utaamini. Mlango wenyewe haukuning'inizwa kwa bawaba. Ubao una ulimi juu na chini, na ndimi hizo zinazunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye fremu. Uzito wote unakaa juu ya ulimi wa chini. Mlango unaoweza kumshinda mtu mzima kuubeba, mtoto anausukuma kwa mkono mmoja.

Simama karibu, karibu kiasi cha kuona alama za patasi. Kwenye mwimo utaona mikanda mitatu au minne inayopanda sambamba. Wa nje mara nyingi ni mnyororo au kamba iliyosokotwa. Wa katikati ni mzabibu au mmea mwingine unaotambaa, jani huku, ua kule. Wa ndani ni mdogo, wa vitone au vijani vilivyorudiwa. Chini kabisa, pale mmea unapoanzia, mara nyingi kuna samaki, au umbo linalofanana na mawimbi, kana kwamba mti wote umeota baharini. Juu, kwenye kizingiti, kuna maua ya duara, na katika milango mingine aya ya Kurani au mwaka wa Hijria.

Watembezaji wa wageni watakueleza kwamba samaki ni riziki, mtende ni neema, mnyororo ni usalama wa nyumba. Huenda ni kweli, na huenda maana nyingine zilizaliwa baada ya mlango. Mimi hunivutia zaidi kutazama mkono. Kwanza, usiangalie ua. Angalia chini ya ua, ule uwanda ulioshushwa ili ua lisimame. Kuchonga ua ni kazi, lakini kusawazisha uwanda ni kazi zaidi, kwa sababu patasi inaingia mahali pembamba, nyuzi za mti zinabadilisha mwelekeo, na pigo moja la pupa linang'oa kipande ambacho hakirudi. Fundi hodari huacha uwanda wenye kina kimoja kutoka chini hadi juu. Fundi wa kulipua hufanya ua zuri juu ya uwanda wenye mawimbi, akitumaini kwamba kivuli kitamsitiri.

Pili, angalia pembe. Mnyororo unapopanda mwimo na kupinda kufuata kizingiti, pete ya mwisho lazima ifike penyewe, nzima, isikatwe. Hilo haliwezekani isipokuwa fundi alipima mapema, akagawa urefu wote kwa bikari kabla ya kugusa mbao kwa chuma. Ukiona pembe ambayo pete imekamilika kulia na kushoto, umemwona mtu aliyefikiria kazi yote mwanzoni. Na ukiona pete moja imebanwa kidogo ili itoshe, usimcheke. Alikosa kwa upana wa kucha kwenye mlango unaozidi kimo cha mtu.

Vifaa vyake havikuwa vingi: msumeno, tezo, randa, bikari, nyundo ya mti, patasi za upana tofauti na bobari ya kuchimbia mviringo. Mbao ndizo zilizokuwa mali. Mbambakofi ulipatikana katika misitu ya pwani, mgumu, usiopendwa na wadudu. Msaji ulikuja na majahazi kutoka India kwa upepo wa kaskazi, pamoja na nguo, vyombo na mafundi wenyewe. Kwa hiyo milango ya Mombasa haina mtindo mmoja. Ile ya zamani zaidi ina kizingiti kilichonyooka. Ile iliyofuata mkono wa Kihindi mara nyingi ina tao juu na maua manene yaliyochongwa kwa kina. Na upo mtindo wa kaskazini, wa Siyu na Bajuni, wenye mistari na maumbo ya jometri yaliyokatwa kwa kina kifupi. Misumari mikubwa ya shaba, ambayo India inasimuliwa kuwa ilizuia ndovu wa vita wasivunje mlango, utaiona zaidi Unguja. Huku pwani ndovu hawakuja kubisha hodi, na misumari ikabaki pambo.

Watu wa mji huu huu wa milango ndio wanaosema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sioni kwamba wanajipinga. Aliyeagiza mlango wa nakshi alijua methali hiyo vizuri, na alijua pia kwamba wengi wa wapitao hawataingia ndani kamwe. Kwa hao, mlango ndio salamu yake. Ndiyo maana nje yake huwa pana baraza, kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, ambacho mtu yeyote anaweza kukaa bila kuuliza. Mwenye nyumba aligharimia kitu anachokifaidi jirani na mpita njia kuliko yeye mwenyewe, aliye ndani nyuma ya mbao.

Roshani ina historia fupi kuliko mlango. Nyingi tunazoziona leo ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati bandari ilipochangamka na reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walijenga duka chini na makazi juu, na makazi yakatokeza juu ya njia kwa roshani za mbao. Walikuja na maseremala wao, na maseremala wa hapa wakajifunza, wakaongeza yao.

Kazi ya roshani ni tofauti na ya mlango. Mlango huchongwa, roshani hutobolewa. Seremala huchora umbo juu ya ubao mwembamba, akatoboa tundu kwa keekee, akapitisha ukanda mwembamba wa msumeno ndani ya tundu, akaufunga tena kwenye fremu yake, akaanza kufuata mchoro. Akimaliza umbo moja anafungua, anaupitisha kwenye tundu jingine. Ubao mmoja wa ukingo unaweza kuwa na matundu kadhaa, na kila tundu ni kufungua na kufunga upya. Halafu ubao wa pili lazima ufanane na wa kwanza, na wa tatu, mpaka roshani izunguke. Hapo hakuna nafasi ya kuonyesha ubunifu mpya. Ni kurudia bila kuchoka, na uzuri uko katika kutochoka huko.

Kila kipande kina kazi pia. Ukingo wa matundu unaingiza upepo wa kusi na kumwachia aliye ndani aone njia bila yeye kuonekana. Sakafu ya roshani inatia kivuli kwenye njia, na nyumba za pande mbili zikikaribiana, njia inabaki baridi hata saa saba mchana. Zile kope za mbao zilizokatwa meno meno chini ya ukingo wa paa, ambazo wengi hudhani ni madoido tu, zinafanya kazi ya mvua: maji hufuata jino hadi nchani, yakadondoka, badala ya kurudi nyuma na kuozesha ubao. Na miti iliyopindwa inayoegemeza roshani ukutani ina maumbo ya kupendeza, lakini uzito mkubwa unachukuliwa na mihimili ya sakafu iliyotoka ndani ya nyumba na kuvuka ukuta. Roshani ni chumba kilichotoa kichwa nje.

Baada ya nakshi zote hizo, nenda ukatazame mnara wa Msikiti wa Mandhry. Msikiti huu ni wa mwaka 1570 hivi, kwa hiyo ulikuwapo kabla Mreno hajaweka jiwe la kwanza la ngome. Mnara wake ni mnene chini na mwembamba juu, umepakwa chokaa, hauna maandishi, hauna vigae, hauna roshani ya kuzunguka. Mnara wa Msikiti wa Basheikh una umbo kama hilo. Anayetoka Cairo au Istanbul anaweza kuuona mnara wa Mandhry kuwa wa kimaskini. Mimi nauweka juu kabisa katika orodha yangu.

Fikiria tatizo la fundi. Ana jiwe lisilo na umbo, lenye matundu, na chokaa inayokauka polepole. Akipandisha mnara wima kama ukuta, uzito wa juu utasukuma chini ambako chokaa bado laini. Kwa hiyo akaanza na msingi mpana, akaupunguza kila alipopanda, hadi juu kabisa pasibaki uzito wa kuogopa. Mstari wa pembeni haukunyooka kama wa mashine. Unainama kidogo, unajirekebisha. Aliufuata kwa jicho na kwa timazi. Sisi tunaona umbo zuri, na umbo hilo ni jibu la swali la uzito. Nakshi isingeongeza kitu hapo, kwa sababu mnara hukutani nao ana kwa ana. Sauti yake ndiyo inayokutana na watu.

Kanuni hiyo hiyo, ya kujua pa kutia mkono na pa kuuzuia, ndiyo inayonifanya niitazame Fort Jesus kwa macho mengine. Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya mfalme aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja, na aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano, mbunifu mkuu wa ngome za Wareno katika nchi za Mashariki. Kwa hiyo anayetaka kuona fikra za Italia za karne ya 16 hahitaji viza. Aende Mombasa, alipe kiingilio langoni. Mabwana wa Italia wa zama hizo waliamini kwamba jengo kamilifu lifuate vipimo vya mwili wa binadamu, na ukiiona ramani ya ngome kutoka juu utaona mtu aliyelala chali: kichwa kuelekea baharini, mikono na miguu zile buruji nne.

Ila ukiwa chini, humwoni mtu huyo. Unaona kona. Cairati aliishi wakati mzinga ulikuwa umeshaua mnara mrefu wa duara, maana mnara wa duara una sehemu mbele yake ambayo walinzi hawaioni, na adui akifika hapo yuko salama. Dawa yake ilikuwa kona kali: kila uso wa buruji uonekane kutoka buruji nyingine, ili risasi za upande mmoja zisafishe mbele ya upande wa pili. Simama kwenye handaki lililo nje ya ukuta wa upande wa mji, tafuta mahali pa kujificha. Hupati. Huo ndio urembo wa ngome, na hauhitaji ua hata moja. Sehemu ya chini ya ukuta ni mwamba wenyewe uliochongwa, hivyo hujui jiwe la Mungu limeishia wapi na la fundi limeanzia wapi. Cairati alichora, waliokata mwamba huo juani hawakuandikwa popote.

Na sasa tazama palipoandikwa. Mreno alipotaka kuweka maneno kwenye jiwe, aliyaweka juu ya lango: maandishi ya miaka ya 1630 yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, baada ya Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, kuinuka dhidi ya Wareno mwaka 1631 na ngome kutwaliwa tena. Lango, tena. Waomani walipoichukua ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3, waliinua kuta, lakini kazi yao ya mkono imo ndani: nyumba ya Kiomani juu ya buruji ya San Filipe na ukumbi wa Mazrui wenye viti vya mawe na maandishi ya Kiarabu ya karne ya 18. Viti vya mawe ni baraza. Watawala wa ukoo wa Mazrui walikalia ngome ya Mtaliano, wakatengeneza ndani yake kile ambacho Mswahili hukiweka nje ya mlango wake.

Ipo pia michoro ambayo haikuagizwa na mtu. Askari na mabaharia wa Kireno walichora ukutani kwa mkaa na udongo wa rangi: merikebu zenye matanga, samaki, watu, jengo la kanisa. Mistari inatetemeka na mizani haipo, lakini kamba za merikebu zimewekwa kwa uangalifu wa mtu aliyezishika kwa mikono yake. Kipande cha lipu chenye michoro hiyo kimehifadhiwa ndani ya ngome. Baada ya miaka ya kuwa gereza la Mwingereza, tangu 1895 hadi 1958, ngome ikatangazwa kuwa turathi ya taifa, ikachimbuliwa na kukarabatiwa chini ya mwanaakiolojia James Kirkman, ikafunguliwa kama makumbusho, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ngome ina walinzi na bajeti. Nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni zina wenyewe, na wenyewe wana ada za shule za kulipa. Hapo ndipo ufundi wa kale unapoulizwa swali gumu kuliko la mzinga. Chokaa inataka kupakwa kila mara; zamani nyumba ilipakwa kabla ya Idi kama watoto wanavyoshonewa nguo. Leo saruji iko dukani, inakauka kesho. Kasoro yake huja taratibu. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhi na chumvi, na chokaa huuruhusu unyevu huo utoke. Saruji huufungia ndani. Baada ya misimu kadhaa lipu ya saruji hutokea uvimbe, huanguka kwa mabamba makubwa, na ncha za boriti zilizofungiwa ukutani pamoja na unyevu huoza bila mtu kuona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukiuziba kwa kitu kisichofaa utaujenga ukuta huo mapema zaidi.

Milango nayo ina mnunuzi. Mlango wa nakshi una bei nzuri kwa mwenye hoteli au mkusanyaji wa mbali, na mahali pake huwekwa geti la chuma. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda, na Makumbusho ya Taifa ina ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale inayomshauri mwenye nyumba kabla hajabomoa. Sheria lakini haishiki patasi. Kinachonipa matumaini ni kwamba wapo bado vijana wanaofundishwa uchongaji, kule Lamu ambako karakana hazijafungwa, na hapa Mombasa kupitia Kituo cha Utamaduni wa Waswahili. Kila mlango mpya unaoagizwa ni mshahara wa mtu anayeweza kutengeneza mlango wa kale ukipata ufa. Bila kazi mpya, ujuzi wa kiraka nao hufa.

Kwa hiyo sitamwambia mtu anayejenga Tudor au Nyali aige nyumba ya Ndia Kuu. Boriti za urefu huo hazitamtosha na kiwanja chake si kile. Namwambia aibe kanuni. Majengo mengi mapya yanatapanya urembo kila mahali, nguzo za Kirumi, vioo vya buluu, maua ya lipu kutoka msingi hadi paa, mpaka jicho halijui litue wapi, na mlango wa kuingilia ni ule wa dukani uliofanana na wa kila jirani. Ageuze hesabu. Ukuta auache mtupu, aupe kivuli na upepo. Fedha ya madoido yote ile aipeleke kwa mchongaji mmoja, ampe mbao nzuri na muda asioulizwa, na nje ya mlango aache mahali pa mtu kukaa. Ataona gharama haikuzidi, na wapita njia watakuwa wa kwanza kumshukuru.